Diski Mbili za Namba Moja

Mke wangu alikuwa akipiga video za mazishi. Alipiga za harusi pia, na za ruracio, sherehe za kutoa mahari, lakini kazi iliyomjia bila kuitafuta ilikuwa ya mazishi, kwa sababu alijua kusimama. Wapiga video wengi hukanyaga udongo wa kaburi na kuwasukuma wafiwa ili wapate picha. Yeye alichagua mahali pake, akanyamaza, na baada ya muda watu walisahau kwamba yupo. Mimi nilimbebea stendi ya kamera. Siku za wiki nilipaka grisi mashine katika kiwanda cha kutia matunda kwenye mikebe huko Thika, na Jumamosi nilikuwa mbeba stendi. Watu wa kanisa walinitania kwamba nina waajiri wawili, na mkali ni yule wa Jumamosi.

Video zote alizihifadhi kwenye seva iliyokaa kwenye kona ya sebule yetu, Ruiru, upande wa Kiuu. Seva ni kompyuta, ila hii ilikuwa ya kusimama wima, nene na nzito kama kabati dogo, iliyotengenezwa kufanya kazi bila kuzimwa. Aliinunua ikiwa imetumika, wakati ofisi fulani ilipokuwa ikiondoa vyombo vyake vya zamani. Ilivuma siku nzima. Mwanzoni nililalamika kuhusu huo mvumo, baadaye nikauzoea, na alipofariki, miaka miwili iliyopita, ndio uliobaki ukinijibu ninapofungua mlango.

Mazishi yake mwenyewe hayakupigwa na mtu. Sikukataa. Nilisahau tu kumwambia mtu yeyote aje na kamera, na kila mtu alifikiri nimeshapanga. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo dogo.

Baada ya yeye kwenda, watu hawakuacha kuja. Mtu angebisha hodi, aseme pole, akae kidogo, kisha aseme mama aliwapigia mazishi ya baba yao na flashi ikapotea, kama naweza kuwatafutia. Niliacha shule kidato cha pili na kompyuta sikuwa nimeigusa maishani. Lakini nilijifunza. Mke wangu alikuwa amepanga kila kitu kwa jina la kijiji na mwaka, na hata mtu kama mimi angeweza kufuata. Nilipomkabidhi mtu flashi yake na kumwona akiishika kwa mikono miwili, nilihisi kama mke wangu bado yuko kazini, ametoka tu kidogo.

Kwa hiyo seva ilipoanza kuwa nzito, ikichukua nusu saa kufungua kitu ambacho zamani kilifunguka kabla sijakaa, niliamua kuitengeneza mimi mwenyewe. Nilijiambia kwamba mashine ni mashine.

Hapa lazima nieleze tulivyofundishwa kiwandani. Kila spea ina namba. Bearing, ile pete ya chuma yenye gololi, ikichakaa, unasoma namba iliyochongwa ubavuni, unaenda stoo, unapewa nyingine ya namba hiyo. Bearing mbili za namba moja ni kitu kimoja. Huulizi hii ilitoka wapi na ile ilitoka wapi. Unaziosha zote, unaziweka juu ya gazeti, na unarudisha yoyote popote. Nilifanya kazi hivyo miaka thelathini na hakuna mashine iliyowahi kunikataa.

Niliambiwa mashine nzito huongezewa memori, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu. Nikanunua mbili kwa mtu mwenye meza ya vifaa karibu na stendi ya matatu ya Ruiru. Nilifungua seva, nikazishindilia kwenye nafasi zilizokuwa wazi, na ziliingia vizuri kabisa, hadi vibanio vikajifunga vyenyewe. Nikawasha. Mashine ikalia mlio mmoja, ikanyamaza, ikalia tena. Kioo kilibaki cheusi.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa yule mama wa Thika. Ana kibanda cha spea za kompyuta katika jengo moja lililogawanywa vibanda vingi kwa mbao na vioo. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, miwani juu ya kichwa kila wakati, na redio ya Kikuyu ikiongea nyuma yake. Mke wangu alikuwa mteja wake. Nilimwekea memori zangu mezani.

"Hizi umetoa wapi, mzee?"

"Ruiru. Zinaingia vizuri."

"Hata mimi naingia ndege vizuri, lakini siwezi kuiendesha."

Watu waliokuwa wakingojea wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini masikio yalinichoma.

"Hesabu hivi vitu vyeusi," akasema.

Nikahesabu. Vilikuwa vinane.

Akatoa memori nyingine kwenye droo, ya aina ile iliyokuwa ndani ya seva yetu. "Na hii?"

Vilikuwa tisa.

"Cha tisa kinakagua vile vinane. Mashine ya yule mama wa video haiamini mtu. Kama hakuna wa kukagua, haiwaki. Kwa nje zinafanana, lakini hazifanani. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kuhusu memori.

Kabla sijarudi kuzichukua zilizo sahihi, alikuja mgeni nyumbani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kutoka Theta, amevaa viatu vipya ambavyo alivivulia nje kwa uangalifu. Alisema amerudi juzi kutoka Uarabuni, ambako alifanya kazi za nyumba miaka minne. Mama yake alifariki akiwa huko, na mwajiri hakumruhusu kuja. Ndugu zake walimwambia kwamba ni mke wangu aliyepiga video ya mazishi, na nakala waliyopewa wao ilipotelea kwa mjomba mmoja aliyehama.

"Sitaki kingine," alisema. "Nataka tu kuona vile alivyoingia kaburini."

Nilimwonyesha seva ikiwa wazi, matumbo nje. Nikamwambia naitengeneza, arudi baada ya wiki mbili.

"Lakini iko?"

"Iko, mama. Mke wangu hakuwahi kupoteza kitu."

Alishika mkono wangu kwa muda mrefu. Nilifurahi sana siku hiyo. Nalisema kwa sababu ni kweli: nilifurahia msiba wake, kwa kuwa ulinipa kazi.

Memori za vipande tisa ziliifufua seva. Iliwaka, ikafunguka upesi, na kwenye orodha nikaliona jina la Theta na mwaka ule. Lilikuwa pale, mbele ya macho yangu. Ningeweza kuchomeka flashi na kumaliza kazi kwa dakika ishirini. Sikufanya hivyo. Kiwandani hatukupitisha matunda kwenye mtambo kabla ukarabati haujakwisha wote, na ukarabati wangu ulikuwa haujakwisha.

Yule mama wa kibanda alikuwa ameniambia kitu ambacho kilinitia hofu. Video zote za mke wangu zilikaa kwenye diski moja tu. Siku diski hiyo ikifa, alisema, zote zinakufa. Lakini mashine ilikuwa na nafasi ya diski ya pili, na ina njia ya kufanya ya pili iwe nakala ya kwanza, neno kwa neno, ili moja ikifa nyingine ibaki. Nilitaka hivyo. Nilitaka kazi yake isife mara mbili.

Kwanza nilinunua diski kubwa, kwa ubishi wangu tena, bila kuuliza. Mashine iliiona nusu tu. Nilirudi kibandani.

"Mashine ya miaka hiyo haijui kuhesabu mpaka hapo," alisema.

"Basi ni kama mimi."

"Wewe si ni fundi, mzee? Ama ulikuwa unatuchezea?" Aliushusha ule utani kwa tabasamu. "Leta diski ya mama tuangalie namba yake, nikutafutie ndugu yake. Na uibebe kama yai."

Niliibeba kwenye kitambaa cha kichwa cha mke wangu. Akasoma namba, akaingia nyuma, akatoka na nyingine iliyotumika lakini nzima, namba ile ile, kampuni ile ile, hata mikwaruzo karibu ile ile. Akaziweka pamoja mezani. Alipoona jinsi zinavyofanana alichukua tepu nyeupe, akakata kipande na kukibandika kwenye diski ya mke wangu.

"Hii ya tepu ndiyo ya mama," akasema. "Ingine iko tupu."

Hakuniambia nisiibandue. Nani angefikiria kumwambia mtu mzima jambo hilo?

Lakini katika kiwanda cha chakula, tepu ni adui. Kipande cha tepu kikianguka ndani ya mkebe, mtu hufutwa kazi, na nimeona watu wawili wakifutwa. Kabla ya kurudisha kifaa chochote kwenye mtambo unakisafisha hadi king'ae: hakuna karatasi, hakuna gundi, hakuna alama ya kalamu. Hii si sheria niliyoikumbuka. Iko mikononi. Nilifika nyumbani, nikatandika gazeti juu ya meza, nikaziweka diski mbili, nikaleta pamba na spiriti. Nikabandua tepu. Nikasugua gundi yake hadi ikaisha. Nikaisafisha na ile nyingine. Nikazigeuza, nikasafisha upande wa chini. Nikasimama kuzitazama, zimelala pale sawasawa kama bearing mbili mpya, na nikaona fahari.

Ilinichukua muda kabla ya kujiuliza ipi ni ipi. Niliinua moja, nikaiweka. Nikainua nyingine. Nilizinusa. Mtu atacheka, lakini nilizinusa, nikitafuta harufu ya kile kitambaa.

Hata hapo hakuna kilichokuwa kimepotea. Baadaye nilikuja kujua kwamba ningeweza kuchomeka moja peke yake, kuwasha, na kuangalia. Dakika tano. Au ningeweza kuuliza tu.

Nilimpigia simu yule mama wa Thika, kama tulivyokuwa tumepatana, anielekeze hatua kwa hatua. Alikuwa amenishauri nimpelekee mashine nzima na nilikataa, sikutaka itoke nyumbani. Nyuma yake nilisikia sauti za wateja.

"Umechomeka zote mbili?"

"Nimechomeka."

"Sasa kwenye kioo itakuuliza chanzo ni ipi. Chanzo ni ile ya tepu. Iko nafasi ya juu ama ya chini? Unaiona?"

Nilitazama. Diski mbili zilining'aria.

Nilijua jibu la kweli. Nilijua pia jinsi angelipokea: angecheka, kisha angewageukia wale wateja na kuwaambia mzee amebandua tepu. Nilikuwa nimeshachekwa kwa memori. Nilikuwa nimeshachekwa kwa diski kubwa.

"Naiona," nikasema. "Iko juu."

"Chagua ya juu basi. Itakuuliza kama una uhakika, useme ndiyo."

Mashine iliuliza. Nikasema ndiyo.

Ilinakili kuanzia asubuhi hiyo hadi jioni. Nilikaa kwenye kiti nikiangalia namba zikipanda, nikanywa chai, nikala mkate. Ilipofika asilimia mia nilifungua orodha. Hakukuwa na orodha. Nilizima, nikawasha. Nikatoa moja, nikaacha nyingine. Nikabadilisha. Zote mbili zilikuwa tupu, nakala kamili moja ya nyingine.

Kitu cha kwanza nilichokililia kilikuwa sauti ya mke wangu. Alipoanza kurekodi kila mara alisema tarehe na mahali, kwa sauti ya chini, kisha akakohoa kidogo. Nilijua sauti hiyo iko ndani kwa mamia ya mara, na katika miaka miwili sikuwa nimeisikiliza hata mara moja, nikijiambia nitaisikiliza nikiwa tayari. Nililia kwa ajili ya hiyo. Ya watu wengine, makaburi yao yote, baba zao na watoto wao, nilikuja kuyafikiria siku ya tatu. Hivyo ndivyo nilivyo.

Wiki mbili zilipoisha, yule mwanamke wa Theta alirudi. Alikuwa amekuja na flashi mpya ndani ya karatasi yake. Nilimkaribisha, nikamwambia stima imekuwa ikipotea na mashine bado haijakaa sawa. Akaenda. Akarudi wiki iliyofuata. Mara hiyo alikaa na kusema atangoja hapo hapo, hana haraka.

Nikamwambia, "Mama, diski niliyouziwa Thika ilikuwa mbovu. Imekula zote."

Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ilikula na ya mama yangu?"

"Na ya mama yako."

"Aliyekuuzia ni nani?"

Nami nikamwelekeza. Nilimtajia jengo, ghorofa, kibanda cha ngapi kutoka mlangoni, na mwanamke mwenye miwani juu ya kichwa. Nilimwelekeza vizuri kama ninavyoelekeza mtu kanisani. Nilidhani hatakwenda. Nilidhani watu huuliza tu.

Kesho yake kabla ya saa sita simu yangu ililia.

"Mzee," alisema mama wa kibanda, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. "Kuna mama hapa analia na ananiita mwizi mbele ya wateja. Anasema wewe ndiye ulimtuma. Kuja."

Ningeweza kukosa kwenda. Nilikaa kitandani nikiwaza hivyo kwa muda, viatu mkononi. Kilichoninyanyua si wema. Niliwaza kwamba nisipokwenda atakuja kwangu, na majirani watasikia.

Nilipofika, vibanda vya kando vilikuwa vimesimamisha kazi. Yule wa Theta alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mwenye kibanda alikuwa amekaa kwenye stuli yake, miwani sasa machoni.

"Huyu hapa," akasema. "Mimi sitasema kitu. Mzee atasema."

Nikasema. Sikusema vizuri, nilianzia katikati, nikarudi nyuma, lakini nilisema yote: gazeti, pamba, spiriti, tepu.

"Nilikuuliza kwa simu kama unaiona," alisema mwenye kibanda.

"Uliniuliza."

"Ukasema unaiona."

"Nilisema."

"Na haikuwa hapo."

"Nilikuwa nimeibandua."

Mwanamume wa kibanda cha simu kando yetu akapiga ulimi. "Ai, mzee mzima! Si ungesema tu umebandua?"

"Ngojea," mwenye kibanda akamwambia. Akanitazama. "Kwa nini hukuniambia? Tungeijua kwa dakika tano."

"Niliogopa utanicheka."

Alivua miwani. Nilitaka anitukane, na hakunitukana. "Ningecheka, kweli," alisema. "Ningecheka sana. Halafu tungeitafuta."

Yule wa Theta alimwomba msamaha, kwa Kikuyu, akimwita mama. Kisha akamuuliza kama hakuna njia yoyote, kwa maana amesikia vitu vilivyofutwa hurudishwa.

"Kama vingefutwa tu, ningejaribu," mwenye kibanda alimjibu. "Hivi havikufutwa. Kimeandikwa kitu kingine juu yake, mwanzo mpaka mwisho. Ni kama kupaka ukuta rangi."

Yule mwanamke alikubali kwa kichwa mara kadhaa. Nilidhani ataondoka. Badala yake alinigeukia.

"Wewe ulikuwa hapo? Hiyo siku?"

"Nilikuwa. Nilibeba stendi."

"Basi niambie wewe."

Sikuwa nimelitarajia hilo. Nikaanza. Nikamwambia watu walikuwa wengi. Nikamwambia waliimba vizuri, na mchungaji alihubiri kwa kifupi, na mama yake alizikwa kwa heshima.

"Hiyo husemwa kwa kila mtu," alisema.

Ni kweli. Ilikuwa video ambayo kichwa changu kilitengeneza kutokana na mazishi mia. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu niliowadanganya, nikianza tena.

"Sikumbuki vizuri," nikamwambia. "Tulienda mazishi mengi. Yananichanganyikia."

"Hata kitu kimoja?"

Nikafikiri. Redio iliendelea kuongea. Nilijaribu kuanzia miguuni, kwa sababu mbeba stendi hutazama chini. Theta. Udongo mweusi. Mguu mmoja wa stendi ulikuwa ukizama na nilitafuta jiwe bapa la kuweka chini yake. Nilipoinuka na hilo jiwe mke wangu alininong'oneza kitu, naye hakuwa mtu wa kunong'ona kazini.

"Kulikuwa na mama mmoja," nikasema polepole, nikilichunguza kila neno kabla ya kulitoa. "Sweta ya kijani. Alikuwa ameinua simu juu ya vichwa vya watu. Mkono wake ulikuwa ukiingia kwenye picha. Mke wangu aliniambia niende nimwambie aushushe."

Yule mwanamke aliachilia meza. "Kwenye hiyo simu nilikuwa mimi," alisema. "Ilikuwa simu ya tata, shangazi yangu, lakini aliyeishika sikumwona. Nilikuwa bafu ya mwajiri, nimefungua maji ili wasinisikie. Niliona wakishika kamba za jeneza tu. Halafu ikakatika. Sikuona tena."

"Nilienda kumwambia," nikasema. "Nikafika nyuma yake. Simu ilikuwa imezima. Kioo kilikuwa cheusi, na bado alikuwa ameiinua. Nikafikiri hajui. Nikamgusa, nikamwambia mama, imezima. Akasema anajua."

"Akafanya nini?"

"Hakuishusha. Nilirudi nikamwambia mke wangu amwache. Aliishika hivyo mpaka kaburi likajaa na maua yakawekwa. Alibadilisha mkono, nafikiri mara mbili."

"Nani huyo?"

"Sijui."

Alinitazama kama mtu anayepima kitu ambacho tayari kimemwangukia mguuni mara moja. "Unanidanganya tena, mzee?"

"Ya kubadilisha mkono mara mbili sina uhakika. Pengine ilikuwa mara moja. Na kile kioo, nilikiona mimi mwenyewe. Na sweta ilikuwa ya kijani."

Alitoa simu kwenye mkoba. Alikosea namba mara ya kwanza. Ilipopokelewa aliuliza moja kwa moja, bila salamu. "Tata, ni mimi. Siku ya mazishi ya maitu, ni nani alikuwa ameshika simu? Hapana, najua ilikatika. Nauliza ni nani. Alikuwa amevaa nini?"

Upande wa pili kulikuwa na mtu mzee anayesema polepole, na hatukumsikia maneno. Mwenye kibanda alinyoosha mkono nyuma akapunguza redio. Hakuna aliyenitazama. Nilisimama katikati ya kile kibanda, kofia mkononi, nikimwomba Mungu sweta iwe ilikuwa ya kijani.